Ndondocha Analima Shamba la Nani? Historia ya Kusini na Hadithi Zetu za Giza

Kati ya Kilwa Kisiwani na bara kuna mkono mwembamba wa bahari, na juu ya maji hayo zimesimuliwa hadithi mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni ya kuanzishwa kwa mji. Mgeni aliyesemwa kuwa wa Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mkubwa wa wenyeji, ambaye masimulizi ya Kiswahili yanamwita Mrimba, kwa nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Mrimba akahamia bara, kisha akarudi na watu wake akitaka kukitwaa kwa nguvu. Zama hizo maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Mgeni yule, sasa sultani, akatoa kafara, Kurani ikasomwa, na siku hiyo bahari ikakataa kupwa. Mrimba akabaki ng'ambo anayatazama maji, mwisho akarudi alikotoka.

Ya pili ni ya mwaka 1587. Wazimba, watu waliopanda pwani kutoka upande wa Zambezi, walipiga kambi ng'ambo hiyo hiyo na kwa muda mrefu hawakuweza kuingia kisiwani. Usiku mmoja mtu wa Kilwa akawaendea kwa siri, akawaonyesha mahali pa kuvukia maji yakipwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasiguswe. Mji ukaangamizwa. João dos Santos, mtawa Mreno ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1609, alidai kwamba watu 3,000 waliuawa na kuliwa. Kazi ilipokwisha, mkuu wa Wazimba akaamuru msaliti yule na jamaa zake wafungwe mikono na miguu, watoswe baharini. Hakutaka hata nyama yake iliwe na watu wake, kwani mtu mwovu kiasi kile lazima nyama yake ina sumu. Wamle samaki.

Nimezisoma hadithi hizi mbili mara nyingi, na kila mara naona riwaya nzima imelala hapo ikingoja mwandishi. Mji unalindwa na maji yaliyofungwa kwa kisomo. Kinga hiyo inadumu zaidi ya miaka mia tano. Kisha inavunjwa na mtu mmoja aliyejua saa za bamvua na aliyeogopa kuliko wenzake, bila uganga wowote mkubwa zaidi ya ule wa kwanza. Alikuwa nani? Mvuvi? Mtoto wa watumwa aliyekua akiambiwa kwamba kinga ile si yake? Mfanyabiashara aliyefilisika? Dos Santos hakutuambia, na pengo hilo ndilo linalompa mwandishi wa leo pa kuingilia.

Hoja yangu ni moja. Kusini mwa Tanzania, hasa Lindi na Mtwara, kuna historia ya ajabu na ya kutisha kuliko sehemu nyingi za dunia, na vijana wetu wanaoandika fantasia ya giza wanaipita kila siku. Wakiigusa, huchukua zimwi na kuacha chanzo chake. Wanabaki na jini asiye na nyumbani, mchawi asiye na sababu, mzimu asiyedai chochote. Kitu cha namna hiyo humshtua msomaji ukurasa mmoja, na ukurasa unaofuata amekwisha kukizoea.

Nazungumzia hadithi zinazouzwa kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ambako leo ndiko riwaya ya Kiswahili ya kutisha inakoishi. Uhodari umo, tena mwingi. Yupo anayejua kukata kipande pale pale ambapo roho ya msomaji imeshika pumzi. Mazungumzo yao ni hai, Kiswahili chao kina kasi ya mtaani. Lakini mandhari mara nyingi ni jumba kubwa la mawe lenye popo, mbwa mwitu wanaolia msituni, mwezi mpevu, binti mweupe mwenye gauni refu. Na pale hadithi inaporudi nyumbani, mwovu ni bibi kizee wa mwisho wa kijiji mwenye macho mekundu. Nitarudi kwa bibi huyo, kwa sababu suala lake si la sanaa peke yake.

Kwanza tumtazame ndondocha. Aliyelelewa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa. Mtu anafariki, anazikwa, matanga yanaanuliwa, kumbe kilichozikwa ni gogo la mgomba. Mwenyewe yuko kwa aliyemchukua, amekatwa ulimi, analishwa pumba, mchana anafichwa na usiku analima. Siku hizi ndondocha anatumiwa kama kitu cha kustukiza: kucha ndefu, macho meupe, mkwaruzo dirishani. Huko ni kumpoteza. Kinachotisha kwa ndondocha hakipo usoni pake. Kipo kwenye swali ambalo kila msimulizi wa zamani alilijua bila kulitamka: analima shamba la nani?

Liulize swali hilo, historia inafunguka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za kusafirishia watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikipita nchi ambazo leo ni Tunduru, Masasi, Liwale, ikashuka Kilwa, Lindi na Mikindani. Kijijini alikotekwa, mtu huyo alihesabiwa amekufa. Hakurudi, hakuleta salamu, jamaa walimlilia. Naye alikuwa hai, analima mikarafuu ya Unguja au shamba la mtu mwingine pwani, mahali ambapo lugha yake haikuwa na msikilizaji, analishwa kiasi cha kumwezesha kushika jembe kesho yake. Marehemu aliyeliliwa, asiye na sauti, anayelima kwa ajili ya utajiri wa mwingine: utaona kwamba nimemweleza mtumwa, na nimemweleza ndondocha, bila kubadilisha neno.

Sisemi kwamba imani ya ndondocha ilizaliwa na biashara ya utumwa na hakuna zaidi. Imani za namna hii huwa na mizizi mingi. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayeijua historia hiyo atamwandika ndondocha kwa namna ambayo msomaji hatamsahau. Tena historia ya eneo hili imefika mbali kuliko ubunifu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, waanze maisha upya bara. Mwaka 1882 Wamagwangwara, tawi la Wangoni, wakakivamia kijiji hicho na kuondoka na mateka. Fikiria mtu ambaye kwao alikaliwa matanga miaka mingi nyuma, akarudishiwa jina lake na kupewa kiwanja, akaotesha mhogo, kisha akachukuliwa tena. Hakuna mwandishi wa fantasia ninayemjua aliyewahi kubuni ndondocha anayefufuliwa mara mbili.

Na shamba halikuishia hapo. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wajerumani walitawala na kuondoka bila kuufuta. Ikafuata zama ya mkonge, ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, na ya kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi ambazo lazima zijae ndipo mtu alipwe. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwenda kukata mkonge. Hapo mwandishi hahitaji hata kulazimisha: ndondocha mwenye kipande, ambaye kila alfajiri nyapara anakikagua na kukuta siku moja haijatiwa alama. Hadithi hiyo ina hofu na ina hasira ndani yake, na hasira ndiyo inayokosekana katika nyingi ya hadithi zetu za giza.

Wapo watakaosema kuwa fantasia haina deni kwa historia, kwamba raha yake ni kuwa huru. Uhuru huo naukubali. Lakini tazama wale wanaofanikiwa katika fani hii popote duniani: hata wanapobuni falme zisizokuwapo, kodi zake zinakusanywa kwa namna inayojulikana, njaa yake ina msimu, vita vyake vina mtu aliyeuza silaha. Uchawi unaaminika kwa sababu dunia inayouzunguka ina uzito. Uzito huo mwandishi wa Mtwara anao bure, umefukiwa uani kwao.

Kwa upande wa kanuni za uchawi, sijui mfano bora kuliko Majimaji, vita ya watu wa Kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wengi tumefundishwa vita hii shuleni kwa sentensi tatu: Kinjikitile, maji, risasi hazikugeuka. Ukiisoma kwa jicho la mtunzi, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe anapagawa na pepo Hongo. Wasimulizi walieleza kwamba aliingia ndani ya kidimbwi cha mto, jamaa wakamtafuta wasimpate, akatoka siku iliyofuata na nguo kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe, wakiamini pia kwamba huko watakutana na jamaa zao waliokufa. Habari zikapita milima ya Umatumbi kwa minong'ono, mtu kwa mtu, kwa jina la njwiywila, zikipita chini ya pua ya maakida, mawakala wa serikali ya Wajerumani. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Na ilikuwa na miiko: usipore mali, usimwendee mwanamke wakati wa vita.

Miiko ndiyo inayonivuta. Dawa yenye miiko haishindwi kirahisi, maana kila anayepigwa risasi anaweza kuwa ndiye aliyeivunja. Hapo pana msiba mkubwa kuliko risasi yenyewe: mpiganaji anakufa huku wenzake wakijiuliza alifanya nini jana usiku. Mjane anarithi msiba na tuhuma pamoja. Mwandishi akiliweka hilo katikati ya kitabu chake, ana uchawi unaofanya kazi ndani ya mioyo ya watu, awe ameamua kwamba maji yale yalikuwa na nguvu au hayakuwa nayo. Na mlango ulifunguliwa kwa kitendo kidogo: mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, wilaya ya Kilwa ya leo, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolimishwa kwa nguvu. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mganga anauawa mwanzoni mwa hadithi, na dawa inaendelea kusafiri bila yeye, hadi Liwale, hadi Masasi, hadi Songea. Mtunzi yeyote aliyesoma kanuni za kujenga kisa angemwacha Kinjikitile hai hadi sura ya mwisho. Historia haikumwacha, na kwa hiyo ikawa bora.

Kilichofuata ni giza la kweli. Serikali ya Gavana Götzen iliamua kuwashinda watu kwa njaa. Kapteni Wangenheim aliandika waziwazi kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazoleta utii wa mwisho. Mashamba yakachomwa, ghala zikatekwa, visima na vijiji vikaachwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wanahistoria wa baadaye wakafikisha 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Vijiji vilivyokufa vikamezwa na pori. Tembo wakapita palipokuwa na jiko. Sehemu kubwa ya nchi hiyo baadaye ikawa ndani ya Pori la Akiba la Selous, na watalii walipoipiga picha waliiona kama nyika ya asili isiyoguswa na mkono wa mtu. Mimi nikitaka kuandika kuhusu msitu wenye mizimu, sihitaji kubuni msitu.

Pori likirudi, simba hurudi nalo, na hapa ndipo naona jambo ambalo peke yake lingetosha kuwapa waandishi wa Lindi fani yao wenyewe. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania, na mkoa wa Lindi ulikuwa kati ya ile iliyoumia zaidi. Watafiti walieleza mlolongo wake: wanyama wa kawaida wa kuwindwa wamepungua, nguruwe pori wamebaki na wanaingia mashambani msimu wa mavuno, simba anawafuata nguruwe, na mkulima analala ndani ya dungu la miti na nyasi akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe hao hao. Mkulima na simba wanakutana kwa sababu ya mnyama wa tatu. Vijijini wakasema si simba wa porini, ni simba wa kutengenezwa, wa kutumwa na mtu.

Kisha watafiti hao wakapanga matukio ya miaka 1988 hadi 2009 kwa kufuata mwezi, wakakuta kwamba mashambulio hupungua usiku wa mbalamwezi na hupanda ghafla katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni rahisi. Baada ya mwezi kutimia, kila siku unachelewa kuchomoza, hivyo kunakuwa na giza totoro mara baada ya magharibi, watu wakiwa bado nje, na simba amekaa na njaa kwa siku kadhaa za mwanga. Simulizi za Ulaya zilitufundisha kuogopa mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi unapotimia. Lindi hofu ni ya kesho yake. Mwezi mpevu ni onyo: leo cheza ngoma, kesho funga mlango mapema. Naomba waandishi wetu waone ukubwa wa zawadi hii. Kalenda nzima ya hofu iko hapa, yenye chimbuko katika anga la kwetu na katika mavuno ya kwetu, nasi tunaazima mbwa mwitu asiyejua hata harufu ya mhogo.

Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe, kwenye mwaka 2002 na 2003, simba waliua watu na kisha watu wakaua watu, wakiwatuhumu majirani zao kwamba ndio waliowatengeneza simba hao. Sasa namrudia yule bibi kizee wa mwisho wa kijiji. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyopatikana kwa miaka ya kukaa kwenye moshi wa kuni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Mwandishi anayemaliza kisa chake kwa kufichua kwamba bibi maskini ndiye aliyekuwa akila watoto, anaongeza kuni kwenye moto ambao tayari unawaka. Ninalishikilia hili bila kulegeza: ndani ya hadithi uchawi na uwe kweli, uwe na nguvu, utishe, lakini uwekwe kwenye mikono ya wale ambao historia inatuonyesha walikuwa na nguvu. Boma. Mwenye msafara. Akida. Bwana shamba wa mkonge. Mnunuzi mwenye mizani ya uongo. Bibi awe ndiye anayejua siku ambayo simba atakuja, na asiyesikilizwa.

Tendaguru nitaigusa kwa sababu kila mtu huitaja kwa ajili ya ukubwa wa mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, na kusahau miguu ya watu iliyoibeba. Kilima hicho, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1906 kupitia mhandisi wa madini Bernhard Sattler, ingawa wenyeji walikuwa wakiishi na mifupa ile ardhini muda wote. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200. Mizigo ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao anasimama Berlin hadi leo, urefu wake zaidi ya mita 13, alioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937.

Angalia tarehe. Majimaji ilikwisha mwaka 1907. Wamwera, wenyeji wa nchi hiyo, walipigana. Njaa ilipita nchi hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye wazima waliobaki wanaajiriwa kufukua mifupa ya viumbe waliokufa miaka milioni 150 nyuma, kwa uangalifu mkubwa, kila kipande kwa namba yake, wakati mifupa ya jamaa zao waliokufa porini haikuwa na wa kuizika. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye Wajerumani walimtegemea kwa kila kitu. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo mjusi mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Mwandishi anayetaka zimwi kubwa hapa ana la mita 13. Ila hadithi iko kwa mpagazi, usiku wa tatu wa safari, analala kando ya mfupa wa paja uliomzidi urefu, akiwaza maiti ya kaka yake iko wapi.

Mengine nayataja kwa haraka, kila moja lingeweza kubeba kitabu. Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha anga, L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, kije kumwokoa Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Kusini katika Vita ya Kwanza ya Dunia, mwezi mmoja tu baada ya mauaji makubwa ya Mahiwa. Hakikukusudiwa kurudi. Kikitua kingechanwa: kitambaa chake kiwe mahema na bandeji, ngozi ya njia zake za ndani iwe viatu vya askari. Kikaitwa kirudi kilipofika magharibi ya Khartoum, kikatua Jamboli baada ya saa 95 hewani. Kiumbe kinachovuka bara zima ili kikajitoe kuchunwa, kisha hakifiki. Mwaka 1944 sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa walinasa silikanti, samaki wa ukoo ambao hadi mwaka 1938 wanasayansi walidhani umetoweka pamoja na mijusi wakubwa. Tena Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi na kuua watu, katika pwani ambayo watu wake waliaminishwa kwamba vimbunga ni vya visiwa vya mbali.

Nina pendo la pekee kwa masimulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Karl Weule, mtafiti Mjerumani, aliyaandika alipofika uwanda wa juu wa Makonde mwaka 1906. Mtu anatoka kichakani hapo Mahuta, haogi, hanyoi, anakula kidogo. Anachonga sanamu ya mti, anaisimamisha kwake, na usiku sanamu inakuwa mwanamke. Wanashuka pamoja kuoga Ruvuma. Mtoto wa kwanza anazaliwa amekufa. Wanahamia bonde la Mbwemkuru. Wa pili naye amekufa. Wanapanda tena juu, kwenye kichaka cha Mahuta, na wa tatu anaishi. Soma tena ukikumbuka kwamba mabondeni kulikuwa na homa na kulikuwa na wateka watu, na kwamba uwanda wa juu, usio na maji, ambako wanawake walitembea mteremko mzima kufuata kisima, ulikuwa kimbilio kwa sababu hiyo hiyo. Masimulizi yale yana ramani ndani yake: wapi mtoto hufa na wapi hupona. Fantasia ya giza ikijengwa juu ya ramani ile haitahitaji kuelezewa sana. Kiu iwe gharama ya usalama. Mto uwe ndio mlango wa mauti. Na wachongaji wa baadaye, waliozusha mtindo wa shetani katika mpingo miaka ya 1950, wametuonyesha tayari kwamba maumbo yaliyopindapinda, jicho mahali pa sikio, mguu unaotokea tumboni, yanaweza kutoka kwenye mikono ya hapa bila kuazima mfano.

Tahadhari moja ya kazi. Historia ya ajabu mara nyingi tumeachiwa na watu waliokuwa na sababu ya kutuchafua. Dos Santos aliandika kuhusu walaji watu kwa wasomaji wa Ulaya waliopenda sana kusoma kuhusu walaji watu. Weule alikuwa mgeni aliyekuja na askari na wapagazi mwaka mmoja baada ya vita kuwaka. Mwandishi asiwanakili tu. Awatumie kama mashahidi wenye maslahi, ikiwezekana awaweke ndani ya hadithi: mtawa anayeandika idadi ya waliokufa huku mkono wake ukiivimbisha, na mtoto wa Kilwa aliyejificha ndani ya birika la maji akihesabu idadi nyingine. Msomaji akishindwa kujua amwamini nani, hofu inaongezeka bila tone la damu kuongezwa.

Pia asitumie majina ya koo zilizopo kuwapa dhambi za kubuni. Miji yetu ni midogo. Kubuni kijiji kati ya Nyangao na Ndanda hakugharimu kitu, na kunamwacha mwandishi huru kuwaua anaotaka kuwaua.

Kuhusu pa kuanzia, mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee waliopigana Majimaji au waliokuwa watoto wakati ule. Kazi hiyo, iliyohusisha wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, ndiyo iliyotuhifadhia kidimbwi, nguo kavu na minong'ono ya njwiywila. Wazee wale hawapo tena. Lakini wapo waliokata mkonge Lindi kabla ya uhuru wakiwa vijana, na wapo walioiona reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyounganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea, ikiachwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya mradi kuanguka mwaka 1951. Wana habari za kambi, za nyapara, za wenzao ambao jioni walikuwapo na asubuhi hawakuwapo, na za maneno yaliyosemwa juu ya kupotea kwao. Mwandishi wa Masasi au Mikindani mwenye simu ya kurekodi sauti anaweza kuwafikia mwezi huu. Aanze na wa kambi za mkonge, kwa sababu ndio wakubwa zaidi kwa umri, na awaulize kwanza habari za kipande.